Nani Alimfua Ng'ombe wa Chuma?

Siku za mwisho za Novemba 1861, wasafiri wa Uingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant waliingia Bweranyange, makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe. Walikuwa wametoka pwani wakapitia Unyanyembe, wamechoshwa na hongo za njiani na maradhi, na hapa wakapata mwenyeji mkarimu aliyependa mazungumzo. Speke alikaa hadi Januari, akaendelea Buganda. Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alibaki Karagwe mpaka Aprili 1862. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1863, Speke anakumbuka kuingia katika nyumba ya Omukama na kuona vitu alivyovifananisha na nanga za shaba, pamoja na sanamu ndogo za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Kisha anasema zilikotoka: zilitengenezwa na Waarabu wa Kafuro ili kumfurahisha mfalme. Maelezo yanaishia hapo. Mgeni huyu alisimama mbele ya kazi za sanaa ambazo nchi hii haijatoa nyingine za kuzipita, akaziona kwa macho yake, akaziandika kwa mkono wake, na katika sentensi hiyo hiyo akawanyang'anya waliozifanya.

Waarabu na Waswahili waliopanga Kafuro, jirani na Bweranyange, walikuwa wafanyabiashara. Walileta nguo na shanga, wakaondoka na pembe za ndovu. Uhunzi ulikuwa kazi ya wenyeji. Mapokeo ya Karagwe yanamtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mfalme aliyeshikamana sana na ufundi wa chuma, na nyundo za wahunzi zilikuwa miongoni mwa alama za kifalme, sawa na ngoma na mikuki. Wanaakiolojia waliochimba Bweranyange na kuandika matokeo yao mwaka 1995 walikuta mabaki ya kazi ya chuma ndani ya makao ya kifalme yenyewe, jambo lisilo la kawaida katika nchi za Maziwa Makuu, ambako uyeyushaji wa chuma mara nyingi ulifanyika mbali na makazi. Tuyaweke pamoja haya: mfalme anayesifiwa kwa uhunzi, nyundo zinazorithiwa pamoja na kiti, mavi ya chuma yaliyofukiwa katika ardhi ya ikulu. Ng'ombe wale hawakuwa vitu vya kuchezea vilivyoletwa na wapita njia. Walikuwa tamko la utawala: mali ya nchi ni ng'ombe, nguvu ya nchi ni chuma, na mfalme ndiye anayeviunganisha viwili hivyo.

Kosa la Speke halikuwa la macho. Alikuwa mtazamaji hodari, mwenye daftari na vipimo, na alipotaka kujua kitu alikifuatilia. Katika Karagwe hii hii alimpima kwa inchi mwanamke wa ukoo wa kifalme, mkono, kifua na paja, kwa sababu unene wa wake wa mabwana ulimshangaza. Kipimo hakikutolewa mfukoni kwa ajili ya ng'ombe wa chuma. Sababu imo katika kitabu chicho hicho, pale anapojenga nadharia yake kwamba watawala wa nchi hizi walitokana na watu wa mbali, wa upande wa Uhabeshi. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba kila kilicho bora kimeingia kutoka nje hana haja ya kuuliza nani alikifanya. Msafiri mwingine, Henry Morton Stanley, alipofika mwaka 1876 aliorodhesha hazina ya Rumanyika kwa urefu zaidi, akataja bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki na ngoma. Lakini orodha yake nayo ni ya vitu. Hakuna mhunzi mwenye jina, hakuna ukoo, hakuna neno la Kinyambo, lugha ya wenyeji, linaloeleza kitu kiliitwaje na kilitumika lini.

Hoja yangu ni hii: tunapofikiria kuwaita wageni waje kutazama wilaya za Karagwe na Kyerwa, na tunapofikiria kuwarithisha watoto wetu nchi hii, jambo la kwanza kuhifadhi ni maarifa ya wenye mahali. Majengo yafuate nyuma. Siku hizi kuna imani kwamba mji wa kutembelewa ni ule wenye kuta za zamani, mto uliotulia, barabara zenye miti na nyumba za wakoloni zilizopakwa rangi upya. Kwa kipimo hicho Bweranyange haina la kuonyesha, na Kayanga au Nkwenda ni miji ya kupita tu ukielekea Murongo. Nadai kwamba kipimo chenyewe kimepinda, na ushahidi nitautoa kwanza katika mji ambao una kila kitu tunachodhani tumekikosa.

Mji huo ni Battambang, nchini Kambodia, kando ya Mto Sangker. Hadi mwaka 1907 ulikuwa chini ya Siam, kisha ukaingia katika himaya ya Ufaransa, na kuanzia hapo zikajengwa zile safu za nyumba za ghorofa zenye maduka chini na makazi juu ambazo wasafiri huzipiga picha. Ni mji mtulivu, na sifa yake nyingine ni sanaa. Sasa tuangalie historia ilivyoupima. Mwaka 1975 Khmer Rouge walipotwaa nchi waliwatoa watu mijini kwa nguvu na kuwapeleka mashambani. Mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979, wasanii na walimu wengi walikuwa wameuawa au wamekufa kwa njaa na kazi ngumu. Majengo ya Battambang yalibaki. Yale mapambo ya madirisha, zile nguzo, ile nyumba ya gavana, vyote viliendelea kusimama kando ya mto. Kilichotoweka ni watu waliojua ngoma gani hupigwa wakati gani, mchezaji ainamishe mkono namna gani, na kwa nini.

Sanaa ambayo leo inausifia mji ule ilirudi kwa njia nyingine kabisa. Vijana tisa waliokulia katika kambi ya wakimbizi mpakani mwa Thailand walikuwa wamefundishwa kuchora na mwalimu wa Kifaransa. Waliporejea nyumbani walianzisha pamoja naye, mwaka 1994, shule ya Phare Ponleu Selpak, inayofundisha uchoraji, muziki, maigizo na sarakasi. Mwanzo wake ulikuwa mwalimu na wanafunzi wake, majengo yalifuata. Kwa hiyo hata mji ambao watu huuendea kwa ajili ya kuta zake unatufundisha kwamba kuta haziwezi kumfundisha mtoto kitu. Mtu aliyetembea Battambang mwaka 1980 angezikuta barabara zote mahali pake, na asingepata wa kumweleza mambo mengi ambayo wazee wake walikuwa wakiyajua.

Ushahidi wa pili uko karibu zaidi, katika mkoa huu huu wa Kagera. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, wakishirikiana na mwanaakiolojia Peter Schmidt, walijenga tena tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa miongo mingi nyuma, tangu chuma cha bei nafuu cha Ulaya kilipojaza masoko. Hawakuwa na kitabu cha kufuata. Walikuwa na kumbukumbu zao: udongo upi unafaa kwa mirija ya kupulizia hewa, mkaa wa mti gani, mivukuto ipangwe vipi, shimo litandikwe mabua gani yaliyochomwa. Walijaribu, wakakosea, wakarekebisha, na mwishowe chuma kikapatikana. Makala ya Schmidt na Donald Avery iliyotoka mwaka 1978 iliilazimisha dunia ya wasomi kuutazama upya ufundi wa Waafrika wa kale, na ilisimama juu ya mambo mawili: mabaki ya matanuri yaliyochimbuliwa ardhini, na wazee waliojua kuyasoma mabaki hayo. Mabaki peke yake yangekuwa vigae na mavi ya chuma tu. Fikiri kama mradi ule ungekawia miaka 20. Ardhi ingetoa mirija ile ile, na hakuna ambaye angeweza kusema ilikaa vipi ndani ya tanuri.

Najua pingamizi la kwanza, na lina uzito. Litasema: mwanadamu hufa, jiwe hubaki, kutegemea kumbukumbu za wazee ni kujenga juu ya mchanga. Ni kweli kwamba mji wa Rumanyika ulijengwa kwa miti, matete na nyasi. Nyumba za msonge, hata zikisukwa kwa ustadi gani, zinataka kuezekwa upya kila baada ya miaka, na Omukama akihama au akifa, nyumba zake hurudi udongoni. Lakini tulitazame jambo hili kwa upande wa pili. Nyumba inayodai kusukwa upya kila kizazi inadai pia kwamba kila kizazi kijue kusuka. Nyumba ya mawe inaweza kusimama miaka 100 bila mtu yeyote aliyeirithi kujua ilijengwaje. Ufundi wa msonge ulihifadhiwa kwa kutumiwa, na ulianza kupotea tulipoacha kuutumia, ingawa nyasi zingali zinaota. Tena ng'ombe wa chuma ni jibu tosha kwa anayetegemea ugumu wa kitu. Chuma kilidumu. Baadhi ya sanamu zile ziko leo katika makumbusho mbali na Bweranyange, nzima kabisa, zikitazamwa na watu wasiojua zilifuliwa na nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali iliyopotea huku tukiiona.

Wapo watakaosema pia kwamba utulivu wa Karagwe ni dalili ya ufukara wa historia. Kwamba mahali penye jambo la kutazamwa pangekuwa na makelele ya watu. Kimya hiki nacho kina historia, na asiyeijua atakitafsiri vibaya kama Speke alivyowatafsiri ng'ombe. Katika miaka ya 1860 Karagwe ilikuwa njia kuu. Msafara wa kutoka Unyanyembe kwenda Buganda ulipita hapa, na Kafuro palikuwa pa kupumzika, kuuza na kungoja ruhusa ya kuendelea. Baada ya kifo cha Rumanyika yakaja mavurugano ya urithi. Katika miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe, ndio uti wa mgongo wa nchi, na ndui na funza vikawaandama watu. Wakati huo huo barabara zilihama. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901 mizigo ikaanza kupita ziwani. Njia ya Kafuro ikaota nyasi. Karagwe ilinyamaza kwa sababu dunia iligeuza njia zake, na mtu anayepanda vilima hivi leo anatembea kando ya barabara kuu iliyozimika. Hiyo ni habari kubwa, ila haina ukuta wa kuitangaza. Inamtaka mtu asimame juu ya kilima aonyeshe kwa kidole: walitokea huku, wakashuka kule, wakavuka mto pale.

Na mto wenyewe unahitaji msemaji. Kagera hutoka maporomoko ya Rusumo ukielekea kaskazini, ukitutenganisha na Rwanda kupitia mabwawa na mafunjo, kisha hugeuka mashariki upande wa Kyerwa na kuwa mpaka wetu na Uganda, ukipita hapo Murongo panapotazamana na Kikagati. Ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Stanley alipanda mashua akaenda mpaka Ziwa Ihema, akauandika mto huu kwa jina la mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza, Alexandra. Speke aliliita Windermere ziwa dogo lililo chini ya vilima vya Bweranyange, kwa kuwa liliwakumbusha yeye na Grant ziwa la kwao. Majina hayo hayakushika, na hayakufutwa kwa amri ya ofisi yoyote. Wavuvi, wachungaji na waliokuwa wakivusha watu kwa mitumbwi waliendelea kuyaita maji kwa majina yao, siku kwa siku, mpaka majina ya wageni yakabaki vitabuni peke yake. Hapa tunaona maarifa ya wenyeji yakishinda wino. Penye watu wanaosema, jina linadumu. Lakini jina la mhunzi halikuwa na watu wa kulisema kila siku, likapotea.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi, na sitaki kulikwepa. Maarifa ya nani? Masimulizi ya Karagwe yaliyotufikia kwa wingi ni ya ukoo wa Bahinda, wenye kiti. Ni hadithi za Ruhinda na kizazi chake, za ngoma na vita vya urithi. Utawala ule ulikuwa na tabaka za juu na za chini, wenye ng'ombe na wenye jembe, na wapo waliofanya kazi ili wengine wanenepe. Kwa nini jamhuri iliyoondoa mamlaka ya machifu mara tu baada ya uhuru irudi kuwapamba wafalme? Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linaiunga mkono hoja yangu. Ikulu ikihifadhiwa kama jengo, humsifu mwenye ikulu, maana jina lake ndilo litakaloandikwa mlangoni. Lakini tukihifadhi maarifa, tutalazimika kumtafuta mfuaji wa ng'ombe, mchoma mkaa, mwanamke aliyesuka vikapu vya kulia, mkulima aliyelisha ikulu kwa ndizi, na yule aliyechemsha na kukausha buni za kutafuna ambazo mgeni alipewa mkononi karne nyingi kabla ya kahawa kuwa zao la kuuza nje. Israel Katoke, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ufalme wa Karagwe, alionyesha kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kupimwa na kupangwa kama ushahidi mwingine wowote. Kazi iliyobaki ni kuuliza nje ya ikulu, kwa koo za wahunzi na kwa vizazi vya Waswahili wa Kafuro, na kuzilinganisha kauli zinazopingana bila kuzifinya zifanane.

Muziki unatupa mfano wa namna maana inavyopotea bila mfafanuzi. Grant, ambaye ugonjwa ulimpa miezi ya kusikiliza, alieleza chombo cha nyuzi alichokisikia Karagwe akakiita nanga, na akakisifu kuliko vyombo vingine alivyovikuta. Mswahili wa pwani akisikia nanga hufikiria chuma kinachoshika chombo baharini, na ndilo umbo ambalo Speke alidhani amelikuta katika shaba ya Rumanyika. Mnyambo akisikia enanga anafikiria ubao uliochongwa, nyuzi zake, na mtu anayesimulia vita na koo huku akipiga. Mtu akizikuta kumbukumbu za wasafiri hawa wawili bila mwenyeji wa kumweleza, atafungua kitabu kimoja aone nanga ya shaba, afungue cha pili asikie nanga inayoimba, na asijue kwamba cha kwanza ni umbo la kitu ambacho Speke hakujua jina lake, na cha pili ni jina halisi la chombo chenyewe. Na hapa ndipo ninapouona umuhimu wa lugha. Makumbusho yatakayoandika maelezo ya vitu vya Karagwe kwa Kiswahili tu, bila jina la Kinyambo la kila kitu, yatakuwa yamekirudia kimya kimya kile alichokifanya Speke.

Wengine watasema: haya ni mazuri, lakini vijana wa Kyerwa na Karagwe wanataka kipato. Wana kahawa ambayo bei yake hupanda na kushuka bila kuwauliza, wana migomba iliyoandamwa na mnyauko, na wengine wanachimba bati. Serikali imekwisha kuonyesha njia kwa kupandisha hadhi ya mapori: mwaka 2019 zilitangazwa hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, pamoja na Burigi-Chato. Wageni watakuja kwa ajili ya wanyama. Masimulizi ya wazee yataleta shilingi ngapi? Sitaahidi fedha ambazo sina hakika nazo. Ninachoweza kusema ni kwamba mgeni anayetaka simba na tembo ana Serengeti, na mgeni anayetaka nyumba za wakoloni ana Bagamoyo, Zanzibar na hata Bukoba. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu anaweza kusimama juu ya ardhi ya ikulu ambamo chuma kilifanyiwa kazi kikafanywa ng'ombe. Hifadhi moja imebeba jina la Rumanyika mlangoni. Kijana atakayewapitisha wageni pale na kushindwa kusema Rumanyika alikuwa nani atakuwa ameuza jina tupu, na mgeni hawezi kurudi kununua jina tupu mara ya pili.

Kuna pia hatari iliyo kinyume cha ukosefu wa wageni, nayo ni wingi wao. Luang Prabang, mji wa Laos uliokaa pale mto Nam Khan unapoingia Mekong, una ikulu iliyoanza kujengwa mwaka 1904 wakati wa Wafaransa, mahekalu ya Kibudha na nyumba za mbao, na tangu mwaka 1995 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Majengo yamelindwa kwa sheria kali. Lakini wenyeji wengi wa mji wa kale walikodisha au kuuza nyumba zao ziwe nyumba za wageni, wakahamia pembeni, na ile desturi ya alfajiri ya kuwapa watawa chakula imegeuka tamasha la kupigwa picha. Sheria ililinda mapaa, na watu walioyapa mapaa maana yake wakaondoka chini yake. Karagwe na Kyerwa tuna mahali panapoweza kupatwa na hayo: chemchemi za maji moto za Mtagata, ambako Stanley mwaka 1876 aliwakuta wagonjwa waliokuja kuoga ili wapone. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi naisoma methali hii hivi: ugeni upimwe kwa afya ya mwenyeji. Wenyeji wanaojua Mtagata ni nini kwao ndio watakaoweza kusema mgeni afike wapi, avue viatu wapi, na kamera iwekwe mfukoni saa ngapi. Asiyejua mahali pake ni nini hana msingi wa kukataa kitu chochote.

Kwa hiyo siwapingi wanaotaka majengo. Katika Bukoba Vijijini, wanakijiji wa Katuruka, mahali palipochimbuliwa moja ya dalili za kale sana za uyeyushaji wa chuma katika ukanda huu, walijipangia wenyewe kituo cha urithi. Ikulu ya Kanazi, iliyojengwa enzi ya Wajerumani kwa ajili ya Omukama Kahigi wa Kihanja, imepata watetezi kwa sababu wapo waliokuwa tayari kusimulia mema na mabaya yake, pamoja na jinsi urafiki wa Kahigi na wakoloni ulivyowaathiri majirani zake. Ukuta ukija baada ya maneno, ukuta una faida. Ninachopinga ni mpangilio wa kawaida, unaoanza na lango la saruji na kibao cha rangi, halafu mtu wa kueleza atafutwe bajeti ikibaki. Bajeti haibaki. Kwa Karagwe na Kyerwa ningependa mpangilio ugeuzwe. Kwanza wazee warekodiwe kwa Kinyambo, sauti zao zikae hapa wilayani na si katika kabati za vyuo vya mbali peke yake. Pili, wanafunzi wa sekondari wafundishwe kuuliza, kuandika na kulinganisha masimulizi, maana kazi hii haiwezi kuachiwa watafiti wa msimu mmoja. Tatu, makumbusho yenye vitu vya Karagwe, popote yalipo, yaombwe picha, vipimo na kila kilichoandikwa siku vitu hivyo vilipochukuliwa. Mazungumzo ya kuvirudisha yatakuwa na nguvu zaidi watakapoyaongoza watu wanaoweza kusema kila kimoja kilifanya kazi gani.

Nimeitegemea Karagwe ya Speke, Grant na Stanley katika hoja hii kwa sababu kumbukumbu zao zilichapishwa na kumbukumbu za waliowakaribisha hazikuchapishwa. Bila wao tusingejua tarehe ile ya Novemba, wala orodha ya hazina. Siwalaumu kwa kuandika. Nawaza juu ya upande wetu wa mazungumzo. Siku Speke alipowatazama wale ng'ombe, ndani ya ua ule walikuwamo watu waliojua nani aliwafua. Huenda hakuwauliza. Huenda aliwauliza kwa wakalimani wawili au watatu, jibu likapotea njiani. Matokeo ni mamoja: jibu lilikuwapo Bweranyange siku ile, umbali wa hatua chache kutoka kwenye daftari, na halikuvuka. Wageni wengine watakuja, na hawa wa sasa hawana haja ya kungoja miaka miwili ili wachapishe. Wataandika kabla hawajashuka kilimani. Nataka wamkute pale msichana wa Bweranyange aliyefundishwa na bibi yake na kuhakikishiwa na mwalimu wake, anayeweza kuwaambia kitu kiliitwaje, koo zipi zilishika nyundo, na ni lipi ambalo wazee wenyewe hawakukubaliana. Akiwapo huyo, hata kama nyuma yake pana majani na upepo tu, mji utakuwa umeonekana.